Ukuta Usio na Baraza

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu alipita kando yake asubuhi alipotoka nyumbani, nalo ni ukuta.

Sisi tuliokulia Mombasa twakumbuka jinsi nyumba za nje ya Mji wa Kale zilivyotengwa kwa ua wa mchongoma, au wa makuti, au kwa ukuta mfupi ufikao kifuani. Watu wawili waliweza kusimama pande zake mbili wakaulizana khabari na kupeana bakuli la mchuzi juu yake. Kisha ukuta ukapanda hata ukapita kichwa. Vikaja vipande vya chupa vilivyopandwa katika saruji. Baada ya chupa, seng'enge. Baada ya seng'enge, nyaya za umeme. Na sasa juu ya nguzo iko kamera imtazamayo apitaye kana kwamba yeye ni mshitakiwa. Lango limezibwa kwa bati zima, hata aliye nje hawezi kujua kama nyumba ina watu au haina. Na kila jirani apandishapo ukuta wake kwa matofali mawili, jirani wa pili huuona wake umekuwa mfupi.

Hatutaki kuwadhulumu waliojenga. Wezi wapo, na mtu aliyeamshwa usiku na panga shingoni hana haja ya kuhutubiwa na yule ambaye halijampata. Hadithi ya bedui na ngamia wake kila mtoto wa chuoni aijua: kwanza kamba, kisha tawakkul. Tena nchi yetu imepatwa na misiba iliyo mikubwa kuliko ya wezi. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani wa Nairobi ulilipuliwa kwa bomu, na wa Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Nairobi wakafa watu 213 na Dar es Salaam 11. Mwezi Septemba 2013 wauaji waliojitia jina la dini waliingia katika duka kuu la Westgate wakaua watu 67. Tangu siku zile hatuingii dukani wala benki ila mifuko yetu imefunguliwa na mwili kupitishiwa chombo, na mama zetu wenye buibui hutazamwa mara mbili. Haya yote yana sababu yake.

Lakini khabari ya mwaka 1998 ina jambo ndani yake ambalo wengi hawalitii maanani. Marekani walikuwa wamekwisha kushauriwa tangu mwaka 1985, baada ya ubalozi wao wa Beirut kupigwa bomu mwaka 1983, kwamba ubalozi uwekwe mbali na njia kadiri ya futi 100, kwa kuwa nguvu za bomu hupungua kila linapokuwa mbali. Jengo la Nairobi lilikuwa katikati ya mji, kwenye kona ya barabara mbili kubwa. Gari la wauaji lilifika upande wa nyuma, mlinzi akakataa kuwafungulia kizuizi, na bomu likalipuka pale pale nje. Ubalozi, uliokuwa madhubuti, uliharibika na wengi wa ndani yake wakafa, ila ulibaki umesimama. Jumba la jirani lililoitwa Ufundi ndilo lililoporomoka. Wengi katika waliokufa walikuwa makarani, wanafunzi na wapita njia, watu ambao ugomvi ule haukuwa wao. Yule mlinzi twamsifu, kwani alifanya wajibu wake. Ila hapo ndipo tuonapo namna kizuizi kifanyavyo kazi. Khatari haikuondoka, ilisukumwa, na aliye nje akaipokea.

Na ndivyo ilivyo katika mitaa yetu. Mwizi aliyeshindwa na nyaya za umeme za tajiri harudi kwao kutubu. Huenda nyumba ya tatu, kwa mjane ambaye mlango wake wafungwa kwa kitasa cha mbao.

Wako vijana wadhanio kwamba wazee wetu waliishi bila ya kuta. Sivyo. Gede, ambayo leo ni magofu msituni karibu na Watamu, ilizungushiwa ukuta, tena mbili, mmoja ndani ya mwingine. Nyumba ya mawe ya Lamu, au ya Mji wa Kale hapa kwetu, ina ukuta mnene wa matumbawe na chokaa, na mlango wa mbao nzito, na aliye njiani haoni ndani. Ukuta ule ulikuwa wa sitara, wa kuwahifadhi wanawake na siri za nyumba. Mbele yake, upande wa njia, mjenzi aliweka daka, na katika daka akajenga baraza za mawe kulia na kushoto. Tazama maana yake: mwenye nyumba alitwaa mawe yake mwenyewe, na chokaa aliyoilipia, akamfanyia kiti mtu asiyemjua. Na huko Lamu jamaa waliokuwa na nyumba mbili zinazotengwa na njia walijenga wikio, ndiyo daraja lenye kuta lipitalo juu ya njia, ili wanawake watoke nyumba hata nyumba bila ya kushuka chini. Ukuta ule ule uliowasitiri ulitobolewa kwa ajili ya kuzuru.

Baraza hizo ndizo zilizokuwa ulinzi wa mji. Baada ya alasiri wazee waliketi, muuza kahawa akapita na dele lake na vikombe vyake vikilia mkononi, watoto wakacheza mbele ya macho ya watu kumi ambao wote walikuwa na rukhusa ya kuwakanya. Mgeni akitokea aliulizwa kwa upole, "Wamtafuta nani, ndugu yetu?" Mwenye haja alionyeshwa mlango, asiye na haja njema alikwisha kujua kwamba ameonekana, na uso wake umehifadhiwa. Mwaka 1961 mama mmoja wa Marekani, Jane Jacobs, alitunga kitabu juu ya miji mikubwa ya kwao, akaeleza kwamba usalama wa njia hautokani kwanza na polisi bali na macho ya watu waketio na wapitao, wenye maduka na wenye kuchungulia madirishani. Kitabu hicho chasomwa hata leo na wachoraji wa miji. Wazee wa Mkanyageni na Kibokoni hawakukisoma, wala hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba kukaa kwao na kunywa kahawa ni elimu.

Ukuta mpya hauna baraza. Mwizi aliyekwisha kuupanda akaangukia ndani amepata sitara kuliko mwenye nyumba, kwani hapana jicho la jirani litakalomwona tena. Atavunja mlango kwa raha zake.

Mwaka uliopita, katika darasa letu la jioni, tuliwataka watoto wataje majirani wao, nyumba kwa nyumba, kwa kuwa tulikuwa tukisoma mlango wa haki za jirani. Mtoto mmoja wa Mji wa Kale alitaja nyumba kumi na moja, na katika kila nyumba nani mgonjwa, nani amesafiri, na paka wa nani amezaa. Wenzake walicheka. Kisha tukamwelekea kijana mmoja hodari sana wa hifdhi, ambaye huletwa kwa gari na kuchukuliwa kwa gari. Alinyamaza, kisha akasema, "Kuna ukuta mweupe, halafu ukuta wa rangi ya maziwa." Hatukumlaumu, na hatukuwaacha wenzake wamcheke. Lakini yatupasa tujiulize: huyu, ambaye amekwisha kuhifadhi juzuu tano, atamsalimu jirani gani, atamzuru mgonjwa gani, na jeneza la nani atalifuata? Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba Jibrili alizidi kumuusia juu ya jirani hata akadhani kwamba jirani atapewa fungu la mirathi. Na mirathi hapewi ukuta wa rangi ya maziwa.

Wako watakaosema: haya ni maneno ya adabu tu, na roho ni muhimu kuliko adabu. Basi na tuseme juu ya roho. Miaka michache iliyopita, katika mtaa mmoja wa mji wetu, nyumba ilishika moto usiku. Madirisha yote yalikuwa na vyuma vilivyojengewa katika ukuta, na mlango ulikuwa na makufuli matatu ambayo funguo zake ziliwekwa chumbani kwa baba, na baba alikuwa safarini. Majirani walisikia makelele wakaja mbio na ndoo, wakasimama nje ya lango la chuma wasiweze kuingia. Kijana mmoja aliupanda ukuta, chupa zikamkata viganja vyote viwili hata mifupa ikaonekana. Akaingia, akafungua lango kwa ndani, na watu wakang'oa vyuma vya dirisha moja kwa mnyororo na gari. Watoto wakatolewa wazima, na mama yao. Bibi yao alikuwa chumba cha nyuma. Tulikuwamo katika waliomswalia. Vyuma vile, alituambia mwenye nyumba mwenyewe aliporejea, alivitia kwa ajili ya bibi huyo, kwani alikuwa mwoga wa wezi.

Kwa hivyo twawaomba wasomaji wetu, kabla hawajaliweka gazeti hili chini, wayatazame madirisha ya vyumba vya kulala. Katika kila chumba dirisha moja lifanyiwe vyuma vya bawaba, vifungukavyo kwa ndani kama mlango, na kufuli lake liwe na ufunguo uliotundikwa mahali ambapo mtoto wa miaka saba aweza kuufikia gizani na mwizi wa nje hawezi kuufikia kwa mkono. Fundi yeyote wa vyuma aijua kazi hii. Na ufunguo mmoja wa lango uwekwe kwa jirani. Kama hapana jirani ambaye twaweza kumwamini kwa ufunguo, basi hilo ndilo jambo la kwanza la kutengeneza, nalo halitengenezwi kwa saruji.

Sura ya Al-Kahf, ambayo wengi wetu twaisoma kila Ijumaa, imetaja kuta mbili, na sijui ni wangapi kati yetu husimama hapo wakafikiri. Wa kwanza ni ule ukuta uliokaribia kuanguka katika mji wa watu wabakhili, ambao yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa aliusimamisha bila ya ujira, kwa kuwa chini yake ilikuwamo hazina ya mayatima wawili. Wa pili ni ule wa Dhulqarnain, wa vipande vya chuma na shaba iliyoyeyushwa, alioujenga kwa ombi la watu dhaifu walioonewa. Naye akakataa malipo yao, ila aliwataka wamsaidie kwa nguvu zao, kisha akawaambia kwamba siku ya ahadi ya Mola itakapofika ukuta huo nao utasawazishwa. Kuta zote mbili zilijengwa kwa ajili ya mnyonge, na mwenye nguvu ndiye aliyezijenga, bure. Kuta zetu za leo zimegeuza jambo hili: mwenye nguvu hujijengea mwenyewe, na mnyonge huachwa nje.

Mataifa nayo yanafanya kama watu binafsi. Ukuta wa Berlin ulianza tarehe 13 Agosti 1961, ukafunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, na dunia ikashangilia kwamba zama za kuta zimekwisha. Wakati ule mipaka ya nchi iliyokuwa na kuta au nyua za namna hiyo ilikuwa kama 15; leo imezidi 70. Ukuta ambao Israel ilianza kuujenga mwaka 2002 katika ardhi ya Wapalestina ulitolewa rai na Mahakama ya Kimataifa ya The Hague tarehe 9 Julai 2004 kwamba ni kinyume cha sheria, nao ungali umesimama. Belfast, huko Ireland ya Kaskazini, kuta za kuwatenga Wakatoliki na Waprotestanti zilianza mwaka 1969 kama jambo la muda. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi mwaka 1998, na kuta ziko hata leo, kwani wenye kuishi kando yake wamezizoea na waogopa kulala bila yazo. Jirani zetu wa Afrika Kusini wana walinzi wa makampuni zaidi ya mara mbili ya polisi wao, wala hatujasikia kwamba wanalala usingizi mzuri kutushinda.

Na anayetaka kujua nguvu za ukuta asisafiri mbali. Aende Ngomeni. Fort Jesus Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na mpaka leo kuta zake zatisha. Waomani waliizingira mwezi Machi 1696, na waliokuwa ndani walikaa humo hata Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Kuta hazikuanguka. Walioanguka ni watu, kwa njaa na maradhi, hata walipoingia washindi waliwakuta walinzi wachache mno. Ngome iliwazuia maadui wasiingie, na ikawazuia wenyewe wasitoke, wala hawakuwa na jirani wa kuwapa bakuli la mchuzi.

Sasa turejee kwenye njia zetu, kwa kuwa mtindo mpya si wa kuzungushia nyumba tu, bali ni wa kufunga njia nzima. Watu wa nyumba nane au kumi hukubaliana, wakachanga fedha, wakatia lango mwanzo wa njia na lango mwisho wake, na bawabu katikati. Sharia haikunyamaza juu ya jambo hili. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, ambayo masheikh wetu wa pwani wameisomesha miaka mingi, mlango wa sulhu umepambanua njia mbili. Njia isiyopenya, yenye mwisho, ni ya wale ambao milango yao yafungukia humo, nao wana haki ya kuamua kwa ridhaa yao. Ama njia ipenyayo, ipitwayo na watu wote, haimilikiwi na mtu, wala hairuhusiwi kufanyiwa jambo lenye kuwadhuru wapitao. Mwanachuoni huyo alifariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277, naye alikwisha kuyaona malango yetu.

Na hata mwenye mamlaka hakuachiwa. Tabari amesimulia kwamba Saad bin Abi Waqqas, alipokuwa gavana wa Kufa, alijitilia mlango wa kumtenga na makelele ya soko. Khabari zikamfikia Sayyidna Umar huko Madina, naye akamtuma Muhammad bin Maslama aende akauchome moto mlango ule, asifanye jambo jingine, kisha arudi. Saad hakuwa mtu mdogo. Alikuwa mmoja katika kumi waliobashiriwa Pepo. Lakini mlango uliowazuia watu wenye haja uliungua.

Neno juu ya bawabu, maana yeye husahauliwa na wenye kuta na wenye kuzilaumu kuta. Mtu huyu huingia kazini saa 12 jioni akatoka saa 12 asubuhi, na rungu mkononi, ili alinde mali ambayo mshahara wake wa mwaka hauwezi kununua gurudumu lake. Wako mabawabu wasio na mahali pa kujisaidia, wala maji ya kutawadha, wala kiti chenye mgongo. Wako wanaofuturu Ramadhani kwa mkate mkavu langoni, na ndani harufu ya sambusa yawajia juu ya ukuta. Kuna nyumba ambazo humwita "askari" mwaka wa tatu sasa. Mtu tuliyempa roho zetu azilinde usiku, tukaona taabu kumwuliza jina lake na la baba yake! Mwenye bawabu na ampe chakula kile alacho yeye, na ufunguo wa choo.

Kuna njia moja karibu na chuo chetu iliyofungwa malango miaka miwili iliyopita. Ni njia ipenyayo, na kwa miaka mingi watoto waliipita kuja kusoma, na mama wauza mahamri, na majeneza yakielekea msikitini. Ilipofungwa, watoto wakalazimika kuzunguka kwa barabara kuu yenye matatu, na mmoja wao aligongwa akavunjika mguu, alhamdulillahi amepona. Tulikwenda kwa wenye nyumba wale, sisi na imamu na wazee wawili, tukawasomea mlango huo wa sulhu, na wao wakatusomea orodha ya vitu walivyoibiwa, nayo ilikuwa ndefu na ya kweli. Tukakaa nao jioni tatu. Mwisho tukapatana kwamba malango yafungwe saa 5 usiku, yafunguliwe kabla ya adhana ya alfajiri, na mchana yabaki wazi kwa kila mtu. Kwamba funguo ziwe nne, mmoja kwa muadhini, mmoja kwa bawabu, na miwili kwa nyumba mbili za pande zote. Na kwamba vijana wa njia ile wajenge baraza moja ya saruji kando ya kila lango, upande wa nje. Baraza zimekwisha kujengwa, na jioni haipatikani nafasi ya kukaa. Mzee mmoja katika wenye nyumba angali hajakubali. Ufunguo wa nne uko kwake, na lango la upande wake hufungwa baadhi ya siku saa 2 usiku, kabla watoto wa darasa la isha hawajatoka. Tutamwendea tena baada ya sala ya Ijumaa hii, inshallah, na safari hii tutakwenda na yule mtoto aliyevunjika mguu, kwa kuwa ni mjukuu wa rafiki yake wa chuoni, naye hajui.